Mtoto Aliyebadilishwa, Mke wa Baharini, Farasi wa Ziwani au Mwombolezaji: Uandike Yupi?

Anayetaka kuandika ngano ya kutisha kwa kufuata simulizi za Wakelti hukwama mapema, na kinachomkwamisha ni wingi wa mali. Ireland, Uskoti na Wales zina viumbe wa kila namna, na kila mmoja ana visa vyake. Mwandishi anayeanza huwapenda wote, akawapanga kwenye hadithi moja: ukurasa wa pili farasi anayekula watu, wa tatu mwanamke wa sili, yule mnyama wa baharini, wa tano kilio cha usiku. Mwishowe hakuna hata mmoja anayetisha, kwa sababu kila kiumbe ana sheria zake, na sheria za huyu hufuta za yule.

Chagua mmoja. Hapa nawaweka wanne mezani, wale ambao naona wanampa mwandishi wa Kiswahili kazi nzuri zaidi, na nitawapima kwa vipimo vilevile.

Ila kwanza tuelewane kuhusu jamaa zao. Watu wa vilimani, ambao Waireland huwaita aos sí na watu wa Wales huwaita Tylwyth Teg, si vile vijisichana vyenye mabawa vya kwenye vitabu vya picha. Mara nyingi kimo chao ni cha binadamu. Wana ng'ombe wao, ndoa zao na vita vyao, na hukaa chini ya vilima na ndani ya maboma ya kale ya udongo yaliyojengwa kwa duara, ambayo Ireland bado inayo kwa makumi ya maelfu. Hawana uovu wa shetani wala wema wa malaika. Wana masharti. Ukiyashika, mnaishi pamoja. Ukiyavunja, hata kwa kutojua, unalipa, na rufaa hakuna. Wenyeji waliwaita "watu wema" kwa kuhofia kusikiwa wakiwasema vibaya. Hofu hiyo haijaisha kabisa: mwaka 1999 msimuliaji Eddie Lenihan alipiga kelele kuutetea mti mmoja wa miiba huko Latoon, jimbo la Clare nchini Ireland, akisema ni kituo cha watu hao na kuukata kungeleta maafa barabarani. Barabara kuu ilijengwa, na mti ukaachwa.

Kwa hiyo ngano hizi hutisha kwa sharti na malipo yake kuliko kwa meno na makucha. Vipimo vyangu vinatoka hapo. Nitauliza hofu inatoka wapi. Sharti ni lipi na nani analivunja. Nani anafaa kusimulia. Msomaji wetu, ambaye hakukua na visa hivi, atahitaji kuelezwa kiasi gani kabla hajaanza kuogopa. Na hadithi inabeba urefu gani. Kipimo cha nne ndicho kinachosahauliwa sana. Sharti ambalo msomaji halijui haliwezi kumtisha likivunjwa, na ukilieleza kwa kurasa tatu umeshaua hadithi.

Mtoto aliyebadilishwa

Watu wa vilimani huiba mtoto mchanga, hasa ambaye hajabatizwa, na kuacha kitandani kiumbe chao, mara nyingi mzee wao aliyechoka aliyevishwa sura ya mtoto. Anakula asishibe, analia asinyamaze, na hakui. Ndiyo maana koleo la chuma la kushikia makaa lililazwa juu ya kitanda cha mtoto, kwa sababu chuma hawakigusi.

Hofu hapa ni ya kumtazama mtu wako wa damu na kutomtambua. Chini yake kuna hofu nyingine, nzito zaidi: kwamba huenda ni yeye kweli, na aliyepotea ni wewe unayemtazama. Mwandishi anayeiacha hofu hii ya pili ameacha nusu ya hadithi.

Sharti ni kumfanya mgeni ajitaje. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha maganda ya mayai. Mama anakusanya maganda, anayapanga motoni kama visufuria, anachemsha ndani yake kinywaji cha familia nzima. Kile kilichomo kitandani kinainua kichwa, kinatazama, kisha kinasema kwa sauti ya mzee kwamba kimeishi miaka na miaka lakini jambo hilo hakijawahi kuliona. Kimejitaja. Tazama jinsi tukio hilo lilivyojengwa: jiko ni lilelile, moto ni uleule, hakuna damu wala giza la ghafla. Kinachobadilika ni sauti tu. Ukiweza kuandika sentensi hiyo moja ikatoka mdomoni mwa mtoto mchanga bila kuipamba, umeshaipata ngano yako.

Kuhusu msimulizi, wengi humchagua mama. Mimi ningemchagua mtu aliyeitwa kusaidia, jirani au shangazi, aliyeshika mikono wakati mtoto "anajaribiwa", na ambaye hadi leo hajui alishika nini. Sababu yangu ni historia yenyewe. Mwaka 1826, katika jimbo la Kerry nchini Ireland, mtoto wa miaka minne ambaye hakuweza kusimama, kutembea wala kuzungumza alizamishwa kwenye mto Flesk. Bibi kizee aliyeshtakiwa alitetewa kwamba alikusudia kumtoa kiumbe aliyemwingia, akaachiwa huru. Machi 1895, huko Ballyvadlea jimbo la Tipperary, Bridget Cleary, mshonaji wa miaka 26, aliugua. Mumewe Michael akashikilia kwamba aliyelala kitandani si mkewe. Walimnywesha dawa za majani kwa nguvu, wakamuuliza tena na tena ataje jina lake, na mwisho mumewe akamchoma moto nyumbani kwao, baba mzazi wa Bridget na ndugu zake wakiwamo. Baadaye Michael alisema mkewe halisi angetokea kwenye boma la Kylenagranagh akiwa juu ya farasi, na akaenda kumngoja. Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, miaka 20, akatumikia 15.

Chumba kilijaa watu wanaompenda. Hilo ndilo ninalotaka mwandishi alikae nalo kabla hajaanza.

Maelezo utakayompa msomaji wetu ni ya wastani. Hajui habari za ubatizo na koleo, lakini anajua jinsi kijiji kinavyoweza kukubaliana kwamba mtu fulani si mtu. Vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu hawahitaji tanbihi. Urefu wake ni wa hadithi ndefu au riwaya fupi, maana shaka inahitaji muda wa kukua.

Inamfaa mwandishi mvumilivu, anayeweza kuacha swali bila jibu. Haimfai anayetaka mwisho ambapo mtoto halisi anarudi akicheka na wote wanafurahi. Na kama utamchora mtoto mwenye ulemavu, usiiruhusu hadithi ithibitishe kwamba alikuwa kiumbe. Huko nyuma watoto walikufa kwa sababu wakubwa walikuwa na uhakika.

Mke wa baharini

Mwanamume anawakuta watu wa sili, yaani sili wanaoweza kuvua ngozi na kuwa binadamu, wakiota jua ufukweni, ngozi zao wamezivua. Anaiba ngozi moja. Mwenye ngozi hawezi kurudi majini, anamfuata nyumbani, anakuwa mke na kuzaa. Siku akiiona ngozi yake, anaondoka.

Simulizi hizi zina nguvu zaidi Orkney na Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti ambavyo urithi wake ni wa Kinorsi, yaani wa watu wa Skandinavia, kuliko wa Kikelti. Anayejali asili atafute magharibi mwa Ireland au Hebrides, visiwa vya magharibi mwa Uskoti, ambako ukoo wa MacCodrum wa North Uist unasemekana kutokana na sili.

Hofu yake ni ya polepole. Ni ndoa yenye chakula mezani, watoto wenye afya na mume asiyepiga, na bado ni kifungo. Wengi huiandika kama hadithi ya mapenzi yenye huzuni, na naamini hapo ndipo wanapoipunguza nguvu. Mume ni mwizi. Kila asubuhi anapoamka anajua ngozi iko wapi, na kila asubuhi anachagua kunyamaza. Andika huo unyamavu.

Sharti ni ngozi isionekane, na anayelivunja bila kujua kwa kawaida ni mtoto. Kwenye kisa cha bwana wa Wastness huko Orkney, mke ana watoto saba. Mume na wavulana watatu wakubwa wamekwenda kuvua, watoto wengine watatu wametumwa pwani, na binti mdogo amebaki ndani kwa sababu mguu unamuuma. Mama anapekua nyumba nzima. Mtoto anauliza anatafuta nini. Mama anasema ngozi nzuri ya kumtengenezea kiatu kitakachoponya mguu. Mtoto anasema anaijua: aliwahi kumwona baba akiitoa chini ya paa na kuitazama, mama alipokuwa amelala. Dakika chache baadaye mama yuko majini. Mumewe, akiwa kwenye mashua, anasikia akiagwa: ulikuwa mwema kwangu na nilikupenda vya kutosha, lakini nampenda zaidi mume wangu wa baharini.

Msimulizi basi ni binti huyo. Alitaka kiatu tu. Akiwa mtu mzima atasimulia nini, na atamwambia nani?

Mke wa baharini ana ndugu yake wa Wales, bibi wa ziwa Llyn y Fan Fach, na tofauti yao ni kubwa kiasi cha kubadilisha hadithi nzima. Huyu haibwi. Anaposwa kwa mkate: wa kwanza umekauka mno, anaukataa, wa pili ni unga mbichi, anaukataa, wa tatu, ulioiva nusu, anaupokea. Anakubali kuolewa kwa mkataba kwamba akipigwa mara tatu bila sababu, ataondoka. Mapigo yanakuja kwa wepesi ambao mume haoni kama ni mapigo: anamgusa kwa glavu akimhimiza waende kwenye ubatizo, anamgusa alipolia harusini, anamgusa alipocheka mazishini. Ya tatu imetimia. Anawaita ng'ombe wake kwa majina, wote wanamfuata ziwani, hata ndama mweusi aliyekwisha chinjwa anashuka kwenye ndoano yake akiwa hai na kwenda pamoja nao. Wanawe walibaki, na simulizi huwafanya kuwa chimbuko la matabibu wa Myddfai, ukoo wa waganga ambao historia inawajua tangu karne ya 13.

Kwa hiyo ndani ya chaguo hili kuna chaguo jingine. Ukitaka kuandika habari ya kutekwa, chukua ngozi. Ukitaka kuandika jinsi mtu mwema anavyoharibu ndoa bila kunyanyua mkono kwa hasira, chukua mapigo matatu. Usiyachanganye, maana ukimfanya mwenye mkataba kuwa mateka, mkataba wake hauna maana tena.

Maelezo yanayohitajika ni machache. Ngozi iliyofichwa inaeleweka papo hapo. Sili mwenyewe ndiye mgeni kwa wengi wetu, basi mwoneshe akiwa kwenye mwamba, kichwa cha mviringo na macho meusi yenye maji, na msomaji atakufuata. Urefu unaweza kufika riwaya, kwa kuwa ndoa ina miaka. Inamfaa anayeandika vizuri mambo ya ndani ya nyumba, vyombo, watoto, ukimya wa mezani. Anayependa mbio na mapigano atachoka nayo.

Farasi wa ziwani

Katika Nyanda za Juu za Uskoti anaitwa each-uisge. Ni farasi mzuri, mpole, anayelisha kando ya ziwa. Ukimpanda, ngozi yake inakunasa, naye anazama na wewe na kukula wote isipokuwa ini, ambalo huelea hadi ufukweni.

Kisa cha karibu na Aberfeldy kinatosha kukuonesha mashine yake. Wasichana saba na mvulana mmoja wanatembea Jumapili, wanamwona farasi mdogo. Msichana mmoja anapanda, kisha mwenzake, kisha mwingine. Mvulana anaona kitu: kila anayepanda, mgongo unarefuka kidogo kumpa nafasi anayefuata. Anajificha kwenye miamba. Asubuhi maini saba yako ufukweni.

Mgongo unarefuka. Hofu yote imo humo, kwenye ukarimu wa mnyama. Sharti ni usikubali kinachojitoa kwa urahisi, na analivunja mtu yeyote aliyechoka au mtoto aliyefurahi. Msimulizi ni aliyebaki.

Kiumbe huyu hujigeuza pia kijana mtanashati. Msichana mchungaji anaombwa amchane nywele, kijana analaza kichwa mapajani mwake, na katikati ya nywele vidole vya msichana vinagusa majani ya ziwani. Msichana hapigi kelele. Analegeza nguo yake taratibu, anaiacha chini ya kichwa kile na kukimbia. Kwa maoni yangu, huu ndio mwanzo bora wa ngano ya kutisha kwa watu wazima katika simulizi zote za Uskoti, na sioni ukitumika inavyostahili.

Maelezo hayahitajiki kabisa. Urefu ni mfupi. Ukimvuta hadi riwaya atageuka kuwa mnyama wa kuwindwa, na hapo ametoka kwenye ngano. Anamfaa anayeanza, anayeandikia vijana, na yeyote anayetaka kujifunza kutisha kwa jambo dogo moja lililoonekana vizuri.

Mwombolezaji

Bean sí wa Ireland, yaani mwanamke wa vilimani, hulia nje ya nyumba ambamo mtu anakaribia kufa. Filamu zimemfanya muuaji; simulizi hazisemi hivyo. Hadhuru mtu. Anafuata koo za zamani, zile ambazo watu husema majina yake huanza kwa Ó au Mac, na kilio chake ni cha jamaa anayeomboleza wake.

Hofu yake ni ya kujua mapema na kutoweza kufanya lolote. Sharti lake ni moja na ni zuri: usiokote kitana chake. Mtu anakiokota njiani, anakwenda nacho nyumbani, usiku kilio kinafika dirishani. Mwenye busara anakibana kitana kwa koleo la chuma na kukitoa nje kwa dirisha. Koleo linaporudi ndani, limepindwa. Kila mtu chumbani anatazama koleo na kuufikiria mkono.

Msimulizi mzuri ni anayesikia akijua kwamba ndani kuna wawili wanaougua. Kwa msomaji wetu maelezo ni mepesi, kwani bundi akilia juu ya paa, nyumba nyingi za Afrika Mashariki hunyamaza kwa namna ileile. Ila usimgeuze bundi. Bundi hamlilii mtu wa ukoo wake, na huyu analia kwa sababu anampoteza mtu wake. Urefu ni wa hadithi fupi ya usiku mmoja. Anamfaa mwenye sikio la sauti, na anayeandikia redio. Hamfai anayehitaji adui, kwa sababu hapa adui ni kifo tu.

Sasa uchague kwa hali yako

Ikiwa hii ni ngano yako ya kwanza ya aina hii, farasi atakufundisha haraka kuliko wengine: sharti moja, kosa moja, malipo. Ikiwa unaandikia sikio, mwombolezaji, na usimruhusu mwigizaji apige ukelele mwanzoni. Acha kilio kisikike kwa mbali, kama cha mtu wa jirani.

Ikiwa una hadithi ya familia inayokusumbua na hujui pa kuiweka, mke wa baharini ana nafasi. Kama ni habari ya kushikiliwa, ngozi. Kama ni habari ya kuchokana, mapigo matatu. Mtoto aliyebadilishwa mwache kwa wakati ambapo uko tayari kuandika juu ya watu wazuri wanaofanya jambo baya kabisa, na uwe na mtu wa kukusomea rasimu ambaye amewahi kumlea mgonjwa wa muda mrefu au mtoto mwenye ulemavu. Ataona pale ulipoteleza kabla hujachapisha.

Ikiwa unafikiria kuwahamishia Pwani au Ziwa Victoria, ushauri wangu ni uwaache kwao. Majini wetu wana utaratibu wao, dini zao na waganga wao, na msomaji anaujua. Ukiweka sharti la chuma na ubatizo juu yake, atakukatiza kwenye ukurasa wa kwanza. Mwandike mvuvi wa Orkney akiwa mvuvi wa Orkney, kwa baridi yake na upepo wake. Kiswahili kinamudu.

Ikiwa unataka visa vingi zaidi kabla ya kuamua, kati ya 1937 na 1939 Tume ya Ngano ya Ireland iliwatuma watoto wa shule kuwahoji wazee wao, na madaftari yao yamewekwa wazi kwenye tovuti ya dúchas. Kwa Uskoti kuna sauti zilizorekodiwa za hifadhi ya Tobar an Dualchais. Humo utasikia jinsi wenyewe wanavyosimulia, kwa sentensi fupi, bila kueleza kiumbe anafananaje.

Na ikiwa wawili wamebaki na huwezi kuamua, andika kwa kila mmoja tukio la kuvunjwa kwa sharti peke yake, ukurasa mmoja, bila utangulizi. Soma zote mbili kwa sauti mbele ya mtu asiyejua unaandika nini. Ile itakayomfanya aulize "kisha ikawaje kwa yule mtoto?" ndiyo ya kuendelea nayo.